Bei ya Jumatatu

Jumatatu, jua bado changa, na Soko la Kariakoo limeshaanza kusema uongo. Tarbushi nyekundu ya Mrisho Abbasi inapokata kona ya Mtaa wa Kongo, mwuza kuni anamkonyeza mwuza makaa, na mwuza makaa anakohoa kwa nguvu. Ndiyo ishara. Bei zote zinashuka.

"Mchele kibaba senti ngapi?" Mrisho anauliza dukani kwa Hashil bin Suud.

"Kumi, bwana," anajibu Hashil, macho chini. "Kumi tu."

"Mafuta ya taa?"

"Chupa ishirini."

Kumi! Jana jioni mchele uleule, duka lilelile, ulikuwa senti kumi na sita. Kesho utakuwa kumi na sita tena.

Mrisho ni tarishi wa ofisi moja ya serikali, na kofia hiyo ya tarbushi ndiyo sare yake. Kila Jumatatu huzunguka soko akiuliza bei za chakula, kuni, makaa na mafuta, kisha huteremka kwenye magodauni ya pwani kuuliza kibarua analipwa nini kwa siku. Bei anazishika kichwani, anarudi, anamtajia karani. Kwa bei hizo wakubwa huamua kama ujira wa mjini unatosha.

Mwaka huu wa 1938 mkonge hauna bei, mashamba yanafukuza watu, na wanaofukuzwa wanamiminika Dar es Salaam. Mwisho wa mwezi huu ofisi itaamua kama ujira wa siku upandishwe. Na ofisi inasikiliza anachosema Mrisho.

"Mimi mwenyewe nalipwa kwa bei hizi," anamwambia mwandishi huyu kwa hasira. "Kila Jumatatu najikata mshahara kwa mdomo wangu. Eti mjumbe hauawi! Mimi nauawa kidogo kidogo, na njaa."

Kwenye magodauni mambo yanageuka. Nyapara akiiona tarbushi, anatangaza shilingi moja na nusu. Zahoro, shemeji yake Mrisho, anabeba magunia hapo, na shilingi na nusu hiyo hajawahi kuishika. Anapewa shilingi na senti kumi. Inayobaki anakula nyapara. Watoto wa Zahoro wanakula mara moja kwa siku, mihogo.

Basi ndiyo hali: Jumatatu chakula kinashuka, ujira unapanda, mji mzima unashiba. Nani ameshiba? Mwandishi huyu amezunguka toka Mnazi Mmoja hadi Ilala, hajamwona.

Jumatatu iliyopita Mrisho alimtanguliza mkewe, Siwema, akanunue mchele kwa Hashil, yeye akafuata nyuma. Siwema alilipa senti kumi na sita. Hajafunika kikapu, Mrisho akaingia na swali lake, akajibiwa kumi.

"Ala!" Siwema aliruka. "Basi nirudishie senti zangu sita, Bwana Hashil! Au wangu mimi ni mchele wa Jumanne?"

Watu walicheka. Hashil hakucheka.

"Nielewe, mama," alisema. "Mwenzangu alitaja bei yake ya kweli, akaitwa mlanguzi, leseni ikaenda. Nami nina watoto."

Lakini watu walikuwa wanamtazama, na tarbushi ilikuwa bado imesimama mlangoni. Akazirudisha senti sita.

Mrisho alikipeleka kisa hicho ofisini kama kilivyo. Karani hata kalamu hakuiweka chini.

"Umetumwa kuuliza, hukutumwa kununua," alimwambia. "Alisema kumi?"

"Alisema."

"Basi ni kumi."

"Nilitoka pale nimefura," anasimulia Mrisho. "Karani naye anakula mchele huohuo! Lakini ndiyo hivyo, mkuki kwa nguruwe."

Siwema ndiye aliyetoa shauri, akipepea moto wa chakula cha jioni. Kama Hashil alirudisha senti sita kwa sababu tarbushi ilikuwa mlangoni, basi tarbushi isiondoke mlangoni.

Jumatatu ijayo ndiyo ya mwisho kabla ya uamuzi. Mrisho atauliza bei kama kawaida. Nyuma yake atakuja Siwema na wake wa makuli wa mtaa wao, kila mmoja na kikapu chake. Bei itakayotajwa ndiyo watakayonunulia, hapohapo, na Mrisho habanduki mpaka wa mwisho apimiwe. Kwenye magodauni, Zahoro na wenzake watajipanga nyuma yake mikono wazi, waisubiri shilingi na nusu.

Je, haogopi kufukuzwa kazi?

"Wanifukuze! Tarbushi ni yao, tumbo ni langu."

Na Hashil je, ambaye bila shaka ameshazisikia habari hizi, maana Kariakoo haina siri?

Mrisho anaivaa tarbushi yake, anaisawazisha, na kwa mara ya kwanza leo anacheka.

"Akisema kumi, mtaa wetu utashiba siku moja. Akisema kumi na sita, nitakimbia na bei hiyo ya kweli ofisini kabla haijapoa, na wanawake wote wale nyuma yangu, na vikapu vitupu."