Mwahija na Mbwa Mla Mavi

Mtaani kwetu Ibadakuli, ukingoni mwa mji wa Shinyanga, hakukuwa na mwanamke msafi kama Mwahija. Ua wake ulifagiwa kabla jua halijachomoza. Miaka ile baada ya vita vya Kagera, sabuni ilipoadimika, alisugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka zikang'aa. Ndiye pia aliyeosha maiti za wanawake. Watu walisema ana mkono mwepesi, na kwamba hata aliyekufa kwa mateso huonekana amepumzika akishapita mikononi mwake.

Kisha fisi wakaanza kuvunja mabanda ya mbuzi. Walipomchukua beberu wake wa pili, mumewe Zamoyoni, dereva wa lori la pamba, alirudi kutoka Geita na kikapu kimefunikwa gunia. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa, mweusi tititi.

"Sheria ya dini inaruhusu mbwa wa kulinda mifugo," Zamoyoni alisema kabla hajaulizwa.

"Sheria inaruhusu. Mimi je?"

Zamoyoni alicheka, akampa mbwa jina la Kaniki, na kesho yake akapanda lori lake akaenda zake. Mwahija akabaki na mgeni asiyemtaka. Jioni jioni alimtupia ukoko wa ugali wa unga wa njano, kwa mbali, kisha akaenda kunawa mikono kana kwamba amemshika.

Siku moja alfajiri alimkuta nyuma ya nyumba ya jirani yake, Mwanne. Mtoto wa Mwanne alikuwa amejisaidia pale, kama watoto wote wa mtaa walivyofanya, na Kaniki alikuwa anakula, mkia unapepea kwa furaha. Mwahija alikimbilia ufagio.

Alimchapa kwa ufagio. Kaniki akajifunza jambo moja tu: kula upesi kabla ufagio haujafika. Mwahija akanyunyiza pilipili kwenye kinyesi. Mbwa akapiga chafya, akala, halafu akaharisha mbele ya mlango. Akamfunga kamba bandani. Mbwa akala chake mwenyewe, na cha mbuzi akaongezea.

Habari zikaenea. Watoto walipomwona Mwahija anapita waliimba, "Mama Mbwa, Mama Mbwa!" Alijifanya hasikii.

Kilichomuumiza kilikuja baadaye. Mama yake Mwanne alifariki, na Mwahija, kama kawaida yake, alivaa kanga safi, akachukua ndoo yake, akaenda kuosha. Mwanne alimpokea mlangoni, macho yamevimba kwa kulia.

"Shikamoo, dada. Unisamehe. Ndugu zangu wamesema leo aoshe mwingine. Wanasema... huyo mbwa wako anakula vile, na wewe ndiye unayemlisha."

"Marahaba, mdogo wangu. Mungu amrehemu mama," Mwahija alijibu. Akaweka ndoo chini, akaenda kukaa na wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Akachambua mpaka mazishi yalipokwisha.

Aliporudi nyumbani alichukua fimbo, akaenda moja kwa moja bandani. Kaniki alipomwona alijilaza chini, akajikojolea kwa woga. Mbavu zake zilihesabika. Mwahija alisimama, fimbo i juu.

"Mayu, mama yangu, unampiga kwa nini?" Sauti ilitoka upande wa uani. Alikuwa Mbuke, mama wa Kisukuma aliyepita kila siku na kibuyu cha maziwa, ambaye kwao mbwa walilala na ng'ombe tangu babu na babu.

"Anakula mavi, Mbuke. Kanitia aibu kwa watu."

"Unampa nini?"

"Ukoko. Jioni."

"Jioni tu?" Mbuke alitua kibuyu. "Mtoto wako Tabu ulimnyonyesha jioni tu? Mwangalie, tumbo gumu kama ngoma. Ana minyoo huyu, na ana njaa. Na ukimpiga, anadhani unamnyang'anya chakula."

Mwahija aliteremsha fimbo. Kesho yake alikwenda kwa bwana mifugo akaomba dawa ya minyoo. Akaanza kumlisha Kaniki asubuhi, mchana na jioni, ugali laini uliochanganywa na mchuzi wa dagaa. Kila alfajiri alimtoa mwenyewe, akasimama na jembe mkononi, na mbwa alipomaliza haja alimwita, "Kaniki, njoo!" Akija, anapewa kichwa cha dagaa, huku nyuma Mwahija anachimba na kufukia. Jirani aliyepita angedhani anapanda mahindi.

Mavi ya watoto ndiyo yaliyokuwa kazi. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba kina mama wawapeleke watoto chooni. Wengine walimcheka. Asiyesikia, Mwahija alikwenda na jembe lake akafukia mwenyewe, na mwenye mtoto akaona haya. Nyua za mtaa mzima zikaanza kupendeza.

Mbwa hakubadilika kwa mara moja. Alianguka dhambini mara nyingi, hasa mvua ziliponyesha. Lakini asubuhi moja Mwanne, akiwa anachota maji, alimwona Kaniki amesimama juu ya kinyesi cha mwanawe. Mbwa alinusa. Kisha akageuka, akakimbia kwa Mwahija na kukaa mbele yake, anadai dagaa wake.

Mwanne alicheka mpaka ndoo ikamwagika. Alipomaliza kucheka alikuwa analia.

"Dada, siku ile tulikukosea."

"Mlikuwa na msiba," Mwahija alisema. "Mtu mwenye msiba hahesabiwi maneno."

Shangazi wa Mwanne alipofariki baada ya kiangazi, Mwanne alikuja mwenyewe kumwita. Mwahija alijitoharisha kama sheria inavyomtaka mwenye kushika mbwa, kwa maji na udongo, akaenda kuosha.

Fisi walihamia kwingine, kwa kuwa Kaniki alikua akawa na sauti ya kuamsha kata nzima. Zamoyoni aliporudi safari moja alimkuta mkewe ameketi kwenye kigoda karibu na banda, anasimulia bei ya dagaa na jinsi mtoto wao Tabu, ambaye sasa ana kwake, asivyokuja kuwatembelea.

"Unaongea na nani?" aliuliza.

"Na mwenzangu wa nyumbani," Mwahija alijibu bila kugeuka. "Wewe una lori lako."