Sauti Yangu Ndani ya Taarifa Yao

Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, harusi zilikauka Nakuru. Nani angeoa wakati ule? Nikabeba kamera yangu ya harusi hadi uwanja wa kanisa moja pale Free Area, ambako familia zilizofukuzwa mashambani zililala kwenye mahema. Huko nikampata mama mmoja mkulima wa Olenguruone. Nyumba yake ilichomwa, lakini alichotaka kusimulia ni kwamba jirani yake, mtu wa kabila la hao hao waliochoma, aliwaficha yeye na watoto wake siku mbili kwenye zizi la ng'ombe, akiwaletea maziwa.

Kambini hawakutaka kusikia habari ya jirani mwema. Mimi nilitaka. Nikatengeneza filamu ya dakika tisa, nikaiweka kwenye mtandao, na vijana wa kambi wakaenda kuitazama kwenye saiba, kwa kompyuta za kulipia.

Wiki mbili baadaye haikuwepo. Palikuwa na maandishi tu kwamba imeondolewa kwa madai ya hakimiliki, na mdai alikuwa kituo cha televisheni kilichokuwa kimeniomba nakala ya picha zangu za kambi. Niliwapa, mjinga mimi, bila hata karatasi. Walizitumia kwenye taarifa ya habari na nembo yao pembeni, sasa wakasema mimi ndiye mwizi! Nilitukana kwa sauti, saiba nzima ikageuka.

Lakini aliyeumia zaidi ni yule mama.

"Wanasema imetolewa juu ilikuwa uongo," aliniambia. "Hata mchungaji ameniuliza kama niko na uhakika."

Alikuwa ameanza kwenda kuteka maji mchana, saa ambayo wenzake hawako mferejini. Nilirudi mjini nikiwa nimechemka, nikapiga simu kituoni. Bwana mmoja akanijibu kwa upole wa kuudhi: "Madam, hizo picha zilitoka kwetu first. Uko na proof?"

Sikuwa nayo. Sisi wapiga video za harusi hatutunzi kanda; bibi harusi akishapata DVD yake, kanda inamngoja bibi harusi mwingine. Kwenye kanda ya kambi nilikuwa nimesharekodi watu wakikata keki ya birthday mtaani Milimani. Nilikaa studioni nikalia, na si machozi ya mtu mpole.

Chini ya studio yangu kulikuwa na mzee Singasinga aliyeuza televisheni na deki za kuchezea kanda. Deki za kutengenezwa alizijaribu kwa kurekodi taarifa ya habari, na kanda hizo hakuzifuta. Aliposikia kisa changu aliingia stoo, akatoka na vumbi kwenye kilemba na kanda mkononi.

"Kuja hapa, binti. Sikiza vizuri."

Akaitia kanda kwenye deki, taarifa ya kambi ikatokea, akapandisha sauti. Chini ya maneno ya mtangazaji nikajisikia mwenyewe. Nina ubaya mmoja wa kazi: nyuma ya kamera sinyamazi. "Mathe, inua kichwa kidogo. Smile!" Halafu, nikishtukia upumbavu wangu mbele ya mtu aliyechomewa nyumba: "Aki pole. Usismile." Na yule mama akacheka. Hayo yote yalikuwa ndani ya taarifa yao, chini ya nembo yao.

Nikapiga simu tena.

"Boss, fungua taarifa yenu ile ya kambi. Kuna mwanamke anaomba msamaha. Huyo ni nani?"

Nikamngoja. Nilisikia taarifa ikichezwa upande wa pili. Nikayarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile, hadi "usismile".

"Tutaangalia hiyo maneno," akasema, upole umemwisha.

Siku tatu baadaye dai liliondolewa na filamu ikarudi. Nilipiga vigelegele peke yangu, ngazi nzima, hadi dukani kwa mzee. Akanipa televisheni yake kubwa niende nayo kanisani.

Jumapili baada ya ibada tuliionyesha. Ukumbi ulijaa, na wale waliomwita mwongo walisogea kwenye benchi la mbele wakampisha yule mama. Alijitazama akisimulia zizi lile, maziwa yale, jina la jirani yake likitoka kinywani mwake mwenyewe. Ilipoisha hakuna aliyeinuka. Yeye peke yake alisimama, akawatazama waliokuwa bado wanaingia mlangoni, kisha akaniambia kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Rudisha mwanzo. Kuna watu wamechelewa."