Maksai Aliyemfuata Nanyama

Nanyama alipohamia kwa mwanawe Wakoli huko Sarang'ombe, mtaa wa jijini, mikono yake ilikosa kazi, na mkono uliozoea mifugo haukai bure. Wafugaji wa maziwa wa Kawangware huwaona ndama dume kuwa hasara. Yeye aliwaomba ndama hao, akawanywesha uji kwa chupa, akawakuza katika zizi lililokuwa uani kwa Thuo, mwenye ploti walimopanga. Kila ndama alimpa jina la majira aliyomjia, kama Wabukusu wanavyowapa watoto wao.

Bucha ya Wakoli ilipakana na ua huo. Wateja wake walikuwa watu wa dhamiri: nyama waliitamani, mateso ya mnyama hawakuyataka tumboni. Jumamosi moja Waithira, mwenye nyumba za kupangisha, aliinamia dirisha.

"Wakoli, ng'ombe huyu alikufa aje?"

"Hakuguswa na fimbo, mama. Mathe wangu alitangulia akimwita jina, naye akafuata mpaka kichinjioni kama mtoto anaenda shule."

"Basi nikatie kilo mbili. Na usinijazie mifupa kama juzi, mimi si mbwa wa Thuo!"

Watu wakacheka. Nanyama, aliyekuwa amemletea mwanawe chai, hakucheka.

"Kumbe unachouza ni sauti yangu," alisema polepole. "Simiyu sitamwita."

Simiyu, aliyemjia wakati wa kiangazi, ndiye maksai pekee aliyesalia. Siku yake ya kuchinjwa ilipofika, aligoma mlangoni mwa zizi, akizungusha masikio kumtafuta aliyemlea. Wakoli alimbembeleza, akavuta kamba, wapi! Kibarua mmoja wa bucha akachoka kungoja, akamchapa fimbo ya mgongo. Simiyu akalia.

Nanyama akatoka jikoni kwa Thuo, leso begani, akalitamka jina lile mara moja tu. Maksai akatulia, akamfuata. Njia nzima mama hakugeuka nyuma. Angegeuka, huenda wasingefika.

Jumamosi iliyofuata Waithira alirudi na swali lake. Wakoli aliitazama nyama iliyoning'inia, kisha mamake aliyeketi pembeni, macho sakafuni. Jibu la kuuzia alikuwa nalo, kwamba mama alimwita naye akafuata, tena halikuwa uongo mtupu.

"Huyu alipigwa," alisema.

Waithira akaibana pochi kwapani, akaondoka bila kuaga. Waliokuwa nyuma yake wakatawanyika. Nanyama hakuinua kichwa. Kama alilisikia jibu hilo, na kama lilimpunguzia uchungu wowote, Wakoli hakuthubutu kuuliza.