Zamu ya Maji ya Mama Tránsito

Mnaniudhi. Kila anayeingia jikoni kwangu anataka habari za Tránsito Perugachi na kambare wake, kana kwamba mimi sina mahindi ya kupukuchua. Haya, nimeandika. Mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu, kwa hiyo soma hivihivi na usinisahihishe.

Tránsito alikuwa mwanamke asiyetulia. Hata chakula alikula amesimama, jicho mlangoni. Tangu usichana kazi yake ilikuwa kuvua prenyadiya, wale kambare wa kijito chetu: urefu wa kidole, hawana magamba, weusi kama jiwe lililolowa, vindevu pembeni mwa mdomo. Mchana hujificha chini ya mawe. Mdomo wao ni wa kunyonya. Akishaubandika kwenye jiwe, maji yaje kwa kishindo gani, habanduki. Mwanamke akijifungua kijijini, Tránsito ndiye aliyempelekea mchuzi wa prenyadiya. Mpaka wakati huo hakuna aliyezaliwa hapa ambaye mama yake hakuunywa, na Tránsito hakuacha mtu asahau.

Mwaka ule jua lilikaza. Maji yote ya kijito yaligeuzwa mferejini, kila nyumba inyweshe shamba lake kwa zamu. Chini ya mwamba kambare wakabaki wamesongamana kwenye kidimbwi kilichozidi kusinyaa. Juu ya mwamba, pale mfereji unapoanzia, kuna bwawa lisilokauka. Lakini prenyadiya hapandi jiwe kavu. Tránsito akawa wa kupanda na kushuka tu, atie mkono kidimbwini, autoe, aende shambani, arudi tena.

"Kaa chini basi, dada," alisema mdogo wake Asencia, aliyelima naye shamba moja. "Nashikwa na kizunguzungu kukutazama."

"Kesho ni zamu yetu. Nitayaachia maji yapite mwambani, kambare wapande."

"Maji gani? Viazi vimetoa maua! Tutakula nini, ndevu za kambare?"

"Mama alipokuzaa wewe alikunywa nini?"

"Alikunywa mchuzi, nami nikatoka mbishi kama wewe. Viazi, dada. Viazi!"

Asubuhi Tránsito alimkuta Fermín, mgawa maji, ameshika ubao unaofunga mfereji.

"Mama Tránsito, nasikia unataka kunywesha mwamba. Utavuna lini?"

"Wewe Fermín, funga mfereji, na mdomo wako pia."

Fermín akafunga, akaenda zake akicheka. Maji yakateremka mwambani, utando tu, na Tránsito akashuka mbio kutazama. Kambare wakaanza. Mmoja alibandika mdomo, akasogeza mapezi ya tumboni mpaka yakashika jiwe, akaachia mdomo, akajisukuma, akabandika tena juu kidogo. Wengine wakamfuata. Hapo Tránsito akakaa chini. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa hivyo.

Walipofika katikati, maji yakakatika.

Akapanda mbio, sketi mkononi. Juu akamkuta Asencia ameshaung'oa ubao mferejini, maji yanakimbilia viazini, naye amekalia ubao huohuo kwa uzito wake wote.

"Inuka!"

"Niinue kama unaweza."

Hakuweza, Asencia alikuwa mnene mara mbili yake. Upepo ulikuwa unakausha mwamba, na kambare wananing'inia kwa midomo. Tránsito akanyakua chungu alichokuja nacho, akachota bwawani, akamwaga mwambani. Akachota, akamwaga. Anahema, anatukana, kofia imedondoka, anarudi bwawani. Akilowesha huku, kule kunakauka.

Asencia alitazama pembeni kwa muda mrefu. Kisha akachungulia chini.

"Yule wa kushoto umemnyima," akasema.

"Sina mikono kumi!"

Asencia akavua kofia yake, akaizamisha bwawani, akaimwaga upande wa kushoto. Hakuinuka ubaoni hata mara moja. Wakaenda hivyo, mmoja anakimbia, mwingine amekaa, mpaka zamu ikaisha.

Wengine walifika bwawani. Wengine walikaukia mwambani, midomo ingali imebana jiwe, na Tránsito aliwabandua mmoja mmoja. Viazi vilitoka vidogo, lakini vilitoka.

Kabla mvua haijarudi, Fermín akabisha hodi, kofia mkononi. Mkewe alikuwa amejifungua.

"Mama Tránsito, nimekuja kuomba mchuzi."

"Mwaka huu sivui. Mpikie yai."

"Mwanangu awe wa kwanza kijijini kuukosa?"

"Akikua akiuliza, mwambie siku ile ulikuwa unacheka."

Akafunga mlango. Fermín alimsikia ndani, anatembea huku na huku, huku na huku.

Nimemaliza. Sasa zamu yako. Nenda kwenye maji yaliyo karibu na kwenu, inua jiwe, tazama nani anaishi chini yake, kisha ulirudishe lilivyokuwa. Halafu uje uniambie umemwona nani. Na uje na kuni, jikoni kwangu pana baridi.