Kikombe cha Idwal

Eluned Pugh hakuamini damu ya mtu. Mara tatu kwa mwaka, wauguzi walipokuja kutandaza vitanda vyao kwenye ukumbi wa kanisa pale kijijini, Wales, yeye ndiye aliyewapikia chai waliochangia damu, na kila aliyeishika sahani ya biskuti alikaguliwa kuanzia macho hadi kucha. Huyu mbona macho ya njano? Yule amekonda tangu Pasaka, ana nini? Mwenyewe hakuruhusiwa kuchangia, kwa kuwa aliongezewa mifuko mitatu ya damu alipomzaa Rhodri mwaka 1986. Basi akajipa kazi ya kuwachunga wenzake.

Aliyemtia shaka kuliko wote ni Idwal, baharia mstaafu mwenye tatuu hadi shingoni. Huyo alitengewa kikombe chake, cha bluu, kilichovunjika mkono. Kilioshwa peke yake na kuanikwa mbali na vingine, asije akawaambukiza wenzake homa ya ini. Miaka kumi na tisa, jamani!

"Homa ya ini haiambukizwi kwa kikombe, mama," muuguzi Meinir alimwambia siku moja. "Inapita kwenye damu. Na ya Idwal tunaipima kila akija. Ni safi."

"Vipimo vyenu navijua. Mnaona mnachotaka kukiona."

"Haya. Na wewe umewahi kupimwa?"

"Mimi? Nina kosa gani?"

"Si uliongezewa damu themanini na sita? Wakati ule kipimo cha virusi vya homa ya ini C hakikuwepo."

Eluned akamgeuzia mgongo, akaenda kulijaza birika ambalo tayari lilikuwa limejaa.

Wiki hiyohiyo akaagiza kipimo cha kutumiwa kwa posta, bila kumwambia hata Rhodri. Akajichoma kidole jikoni kwake, huku akiishuku sindano, akimshuku tarishi, akimshuku Meinir kwamba amemtega. Majibu yalipokuja akayakataa. Hospitali ikampima upya: virusi vimo, vimekaa humo karibu miaka arobaini, na ini limeanza kukakamaa. Daktari akamweleza kwamba vidonge vipo, vya wiki kumi na mbili, na karibu wote hupona. Eluned alimsikia kwa mbali. Alikuwa anakiwaza kisu cha mkate pale ukumbini, na mara ngapi alijikata nacho, akafunga kidole kwa kitambaa na kuendelea kuwahudumia watu. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

Wauguzi waliporudi, alikuja kama kawaida. Lakini alijimiminia chai kwenye kile kikombe cha bluu, akajibanza karibu na dirisha.

Idwal akatoka kitandani, plasta mkononi, akatafuta mezani wee.

"Eluned, unanywea kikombe changu."

"Kumbe ulijua ni chako?"

"We mwanamke, miaka kumi na tisa naungua vidole, nisijue?"

"Na hukusema?"

"Chai yako nzuri."

Eluned akamwambia yote, kwa sauti ya chini, macho yakiwa sakafuni. Alipomaliza akamchungulia usoni, akitafuta kile kinyaa ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukificha. Hakukiona, akatafuta tena.

Idwal akakichukua kikombe mikononi mwa Eluned, akapiga funda kubwa, akakunja uso.

"Sukari umesahau," akasema, akamrudishia.