Dera Halina Vifungo

Mama yangu aliijua khanga kwa vidole viwili. Anafumba macho, anasugua pindo, halafu anamwambia muuza duka kwamba hii ikifuliwa mara mbili itakuwa chandarua. Muuza duka analalamika, bei inashuka. Nilirithi vidole hivyo. Miaka yote niliyouza vitambaa sokoni Tabora, kila jora nililisugua mara mbili: mara ya kwanza mteja akiona, ya pili kwa roho yangu.

Nikaugua saratani ya titi, nikawa nakwenda Mwanza kutundikiwa dripu za dawa. Kabla ya kila safari, muuguzi alinipigia simu na maswali yale yale kuhusu madhara ya dawa. Vidole vina ganzi? Nikasema hapana. Ganzi naijua: umekalia mguu, ukisimama inaondoka. Hii yangu ilikuwa haiondoki, nilikuwa kama nimevaa soksi mikononi. Soksi hakuniuliza.

"Unapata shida kufunga vifungo, mama?"

"Sina shida."

"Leo umevaa nini?"

"Dera."

"Lina vifungo?"

"Halina. Ndiyo maana sina shida."

Tulicheka, nikadhani tumemalizana. Kumbe ndiyo kwanza anataja bei. Akauliza, basi, kwa siku nzima nafunga nini. Nikatazama pindo la khanga yangu. Tangu usichana nilifunga humo ufunguo wa nyumba, kama mama. Sasa ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni kwa kamba, kama wa mtoto wa shule. Fundo lilikuwa limenishinda, na nilikuwa sijajiambia.

Nikamweleza, lakini nikaanza kumbembeleza aandike kidogo tu. Niliogopa watanikatia dawa, ugonjwa urudi.

"Hapa hatupatani bei, mama," akasema. "Daktari akijua mapema, anaweza kupunguza dawa bila kuiacha. Akichelewa kujua, vidole huenda visirudi."

"Basi andika soksi. Mikono yote miwili."

Daktari alipunguza dawa. Dripu zilizobaki nilizimaliza.

Vidole vinarudi polepole, vingine bado vinasuasua. Khanga mpya nazisugua shavuni, wateja wanadhani ni mbwembwe za biashara, nami siwasahihishi. Juzi nilifunga ufunguo kwenye pindo. Nikalivuta fundo mara mbili, nikatembea nalo hadi sokoni, halikufunguka. Mama angelitazama mara moja tu, alifungue, alifunge upya.