Likizo ya Bumbire na Kovu Nililolisingizia Jiwe

(Barua hii imetufikia bila jina, nasi hatulitafuti. Aliyeiandika anawasubiri ninyi.)

Wasomaji wa ukurasa huu, hamjambo. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, naishi Kitendaguro, nina watoto wawili. Nimeomba nifichwe kwa sababu mume wangu naye husoma gazeti hili, tena kwa sauti.

Kwa wasomaji wa mbali, kwanza mjue desturi. Kwetu Wahaya mke akipigwa hurudi kwa baba yake. Mume akimtaka, lazima aje na rubisi, pombe yetu ya ndizi, apige magoti mbele ya wakwe na aseme alichofanya. Mume wangu amepiga magoti hayo mara mbili. Mara ya pili shangazi zangu walimcheka waziwazi, na mimi, siwafichi, nilicheka pia.

Mume wangu ni msaidizi wa Mzungu mmoja anayepima mawe. Huyo Mzungu alimwonyesha picha ya kisiwa cha mlima wa moto, watu wamelala mchangani hawafanyi kitu, eti wako likizo. Akaja nyumbani uso unang'aa. "Na sisi tuna kisiwa chetu, Bumbire," akasema. "Nitakupeleka. Utapanda mawe, utaona ndege, utaoga ziwani, utakula samaki. Siku tatu, sisi wawili tu." Jamani, nilifurahi! Nilishona gauni la maua ya njano. Baba alisema hajapata kuona mkwe wa namna hiyo. Tukamwachia watoto, tukapanda lori hadi Muleba, tukateremka ziwani, wavuvi wakatuvusha.

Mtumbwi ulipogeuza tu, aliokota kafi bovu la mtumbwi lililotupwa mchangani. Pigo la kwanza likanipata mgongoni. "Hili la rubisi ya kwanza." La pili likanipasua juu ya jicho. "Hili la rubisi ya pili." Yakafuata ya shangazi, mmoja mmoja kwa jina lake, na mimi nina shangazi wanne. Nilimuuma kidole mpaka meno yakagusa mfupa. Akanivuta nywele hadi majini, akanizamisha, akanitoa, akanizamisha tena. "Haya, kimbilia kwa tata, kwa baba yako," akasema. "Si ulizoea? Tembea!"

Kweli nilikimbia, sikuumbwa kukaa nikipigwa. Nilivuka mawe hadi kambi ya wavuvi upande wa pili. Mama mmoja aliyekuwa anaanika samaki alinifuta damu kwa khanga yake. "Waitu, ndugu yangu, hapa hakuna baba wa mtu," akasema. "Mtumbwi utarudi Jumatatu, na ni yeye aliyeuagiza." Mume wangu akaja kunichukua huku anapiga mluzi.

Siku mbili zilizobaki tulifanya likizo. Alinipandisha juu ya mawe, akanionyesha ndege wamejaa mpaka mwamba umebadilika rangi, tukalala mchangani kama wale wa kwenye picha. Na ni kuzuri, siwadanganyi, hilo ndilo linalonichoma zaidi. Kila tulipokaa alinihoji kama katekista. "Tuliona nini?" Ndege. "Na uso wako?" Niliteleza, nikaangukia jiwe. Nikikosea jibu, ananirudisha majini.

Nyumbani nikasimulia hivyo hivyo. Niliogopa, niliona aibu, tena watu walifurahi mno. Nilimshukuru mume wangu mbele ya ukoo mzima. Wanawake walikuja kunisikiliza, nami nikatia chumvi.

Sasa mdogo wangu, nitamwita Koku, ameolewa Nyanga mwaka huu. Mwezi uliopita mumewe alimpiga, akarudi kwa baba, mume akaleta rubisi, akapiga magoti, akachekwa. Juzi nilikuwa namenya ndizi, nikamsikia mume wangu akimwambia huyo bwana barazani, "Mpeleke Bumbire. Kule hakuna njia ya kwenda kwa mkwe." Wakacheka wote wawili. Yeye na Koku wanaondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

Mchana ule ule nilikwenda Nyanga nikamweleza Koku kila kitu. Alikuwa anakunja lile gauni langu la maua ya njano, nilikuwa nimeshamwazima. "Dada, huo ni wivu," akasema. "Ulitaka uwe wewe peke yako uliyepelekwa likizo?" Nikachukua vidole vyake nikaviweka kwenye kovu langu. Hili ni kafi, Koku, nikamwambia. Akacheka. "Si ulisema mwenyewe ni jiwe? Nitalitafuta jiwe lako hilo, nilikalie."

Nikienda kwa baba, ataniuliza ni siku ipi nilisema uongo, kwa maana shukrani zangu alizisikia kwa masikio yake. Na mume wangu ameniambia wazi kwamba nikifungua mdomo, kwenye likizo ya pili sitarudi hai. Najua barua hii ataitambua kwa shangazi wanne. Atakuwa ameishika kwa kidole chenye alama ya meno yangu.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Mimi Koku haniamini tena, na kosa ni langu. Yeye hajui kusoma, gazeti husomewa na mumewe. Basi kama wewe unakaa Nyanga, na una jirani anayeanika gauni la maua ya njano, subiri mumewe atoke, kisha umsomee barua hii.